Ardhi ya Rusizi Ichunguzwe Kabla ya Kujengwa

Rusizi ni mmoja wa miji sita ambayo Serikali ya Rwanda iliiteua ipanuliwe ili kuupunguzia mji mkuu wa Kigali mzigo wa watu. Mingine ni Muhanga, Huye, Rubavu, Musanze na Nyagatare. Kupanuka kwa mji maana yake ni nyumba kuukuu kupisha maghorofa, na kilima kuchongwa ili kipatikane kiwanja. Katika shughuli kama hizo watu huuliza kiwanja kina thamani gani. Ni wachache wanaouliza kiwanja kina nini ndani yake.

Swali hilo la pili lina uzito wa pekee katika sehemu hii ya nchi. Mwaka 1896, huko Shangi, kando ya Ziwa Kivu, jeshi la Mfalme wa Rwanda lilipambana na askari waliotoka Dola Huru ya Kongo, likashindwa. Miaka miwili baadaye Wajerumani wakaweka kituo chao papo hapo. Mwaka 1916 Wabelgiji walivuka Mto Rusizi wakawasukuma Wajerumani kuelekea mashariki. Kambi na mahandaki ya nyakati hizo yalichimbwa katika udongo huu huu unaotafutwa leo kwa ajili ya maduka na hoteli.

Yapo na ya kale zaidi. Katika miaka ya 1950 wataalamu Jean Hiernaux na Emma Maquet walieleza juu ya vyungu vya kale vilivyopatikana Rwanda, Burundi na Kivu. Vyungu vya aina hiyo huitwa vya Urewe, kwa jina la mahali palipo magharibi mwa Kenya, na vingi vina kibonyeo kitakoni. Waliovifinyanga walijua kufua chuma, na matanuri yao yamechimbuliwa katika upande wa Butare. Hapana sababu ya kudhani kwamba wahunzi hao walilikwepa ziwa lenye maji matamu na samaki.

Basi hupimwaje uwezekano wa kiwanja kuwa na mambo ya kale? Kazi huanzia mezani. Hutazamwa ramani za zamani, picha zilizopigwa kutoka angani na taarifa za watawala wa kikoloni, ambazo sehemu yake imehifadhiwa Ubelgiji. Huulizwa pia wazee, maana mzee aweza kuonyesha palipokuwa na kisima au boma pasipoonekana katika ramani yoyote. Kisha mtaalamu hutembea kiwanjani akitafuta vigae na mavi ya chuma. Mwisho huchimbwa mashimo machache ya majaribio.

Katika mji wa vilima kama Cyangugu, mtaalamu lazima ajue udongo umehamishwa kutoka wapi. Mjenzi aliyetangulia, alipochonga mteremko apate pa kuweka nyumba, aliufuta upande wa juu wote. Lakini kifusi alichokimwaga upande wa chini huenda kimeufunika uso wa zamani na kuuhifadhi kama ulivyokuwa. Kwa hiyo kiwanja kimoja chaweza kuwa kitupu nusu na kimejaa nusu, na kuchimba shimo moja katikati kisha kutangaza kwamba hapana kitu ni kujidanganya. Aidha, udongo wenye asidi huila mifupa. Shimo lisilo na mfupa si ushahidi kwamba hapakuzikwa mtu.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la vyungu peke yake. Mwezi Oktoba 2023, katika Wilaya ya Huye, upekuzi ulianza baada ya kujulikana kwamba nyumba ilikuwa ikijengwa juu ya kaburi la halaiki la waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mwaka huo huo, Mibilizi, ndani ya Rusizi yenyewe, yalifukuliwa mabaki ya mamia ya watu. Familia zao zilikuwa zimengoja kwa miaka 29. Katapila halitofautishi kigae cha miaka elfu moja na mifupa ya mtu ambaye nduguye angali anamtafuta.

Rwanda ina sheria ya mwaka 2016 ya kuhifadhi urithi wa utamaduni, na sheria ya mazingira ya mwaka 2018 inataka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kabla ya kuanza. Linalobaki ni suala la wakati. Mtaalamu wa mambo ya kale akiitwa mchoro ungali wa penseli, nguzo husogezwa mita tano na hasara ni karatasi. Akiitwa baada ya mkopo wa benki kuanza kuhesabiwa riba na zege kumwagwa, kila siku ya kusimamisha kazi ina bei, na kibarua aliyeona kitu shimoni ana sababu ya kukifukia upesi kabla msimamizi hajafika.