Kazi ya harusi moja yaweza kuitangaza biashara kwa miezi

WAHENGA walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, methali hiyo haimfai sana mpambaji wa harusi, mwokaji wa keki au mpishi wa sherehe, kwa kuwa kazi yake huonekana siku moja tu kisha ikatoweka.

Kufikia jioni hema hushushwa, maua huanza kunyauka na keki huwa imekwisha kuliwa. Miongoni mwa mamia ya wageni waliokula na kushangilia, ni wachache wanaotarajia kufunga ndoa hivi karibuni. Wale wanaopanga kuoana, na ambao wangeikodi huduma hiyo, huenda hata hawakualikwa.

Kinachobaki mikononi mwa mfanyabiashara ni picha, video fupi, hesabu za bajeti na ujumbe wa shukrani kutoka kwa maharusi. Wengi wao huweka picha tatu au nne katika sehemu ya WhatsApp ambako hutoweka baada ya saa 24, kisha husahau. Biashara inapodorora, huanza kutafuta fedha za kulipia matangazo mapya ilhali yaliyo bora zaidi yamelala ndani ya simu.

Kwa mfanyabiashara mdogo asiye na mtaji mkubwa, njia nafuu ni kuitumia kazi aliyokwisha kulipwa. Harusi moja iliyohifadhiwa vizuri inaweza kumpa matangazo ya miezi kadhaa, mradi kila tangazo limjibu mtu fulani swali fulani, na mradi wahusika wawe wamekubali.

Ghala kabla ya soko

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi. Katika juma moja baada ya sherehe, yafaa picha na video zote zikusanywe katika faili moja yenye tarehe, mahali, aina ya sherehe na idadi ya wageni. Nakala ya pili iwekwe nje ya simu, kwani simu ikiibwa au ikiharibika, kazi ya miaka mingi huenda nayo.

Pamoja na picha hizo, yafaa yaandikwe maswali yote ambayo mteja aliuliza tangu siku ya kwanza ya mazungumzo. Jambo lililomtatiza mteja mmoja huwatatiza wengine wengi ambao bado hawajapiga simu.

Chukua mfano wa mpambaji mjini Nakuru aliyepewa kazi ya harusi ya wageni 200. Swali la kwanza la mteja huwa ni idadi ya meza. Meza za mviringo zikiketisha watu 10 kila moja, meza 20 zatosha. Zikiketisha watu wanane, zitahitajika 25. Idadi ya viti haibadiliki, lakini vitambaa na mapambo ya katikati ya meza huongezeka kwa tano, na gharama hupanda.

Hesabu hiyo fupi, ikiambatanishwa na picha ya ukumbi wenyewe, ni tangazo kamili. Maelezo hayo hayo yanaweza kusimuliwa katika video ya sekunde 30 inayoonyesha meza zikipangwa. Aidha, yanaweza kutumwa kama ujumbe wa sauti kwa mteja anayesitasita, au kuchapishwa kwenye karatasi ya kuachwa katika duka la magauni ya harusi. Kazi ilifanywa mara moja, lakini imezaa matangazo manne.

Kugeuza si kurudia

Wengi hukosea kwa kudhani kwamba kutumia upya maana yake ni kutuma picha ile ile kila mahali. Anayeiona mara ya tano huchoka, na pengine huanza kushuku kwamba mwenye biashara hajapata kazi nyingine.

Harusi nyingi za Kenya haziamuliwi na maharusi pekee. Kuna kamati, wazazi na jamaa wanaochanga, na kila mmoja ana haja yake. Bibi harusi hutaka kuona rangi na maua. Mwenyekiti wa kamati hutaka kujua bei na malipo ya kwanza. Mama mzazi huuliza iwapo chakula kitawatosha wageni wasiotarajiwa, naye msimamizi wa ukumbi hutaka kujua usafi utakamilika saa ngapi.

Kwa hivyo, sherehe ile ile hutoa simulizi nne tofauti. Picha za karibu za maua na video zilizopigwa wima huwafaa vijana walio kwenye Instagram na TikTok. Mchanganuo wa gharama uliowekwa Facebook huwafaa wanakamati wanaopenda kusoma na kulinganisha. Orodha ya huduma, kila moja na picha yake, inaweza kuwekwa kwenye WhatsApp ya biashara ili mteja asilazimike kuuliza kila kitu upya.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Aliyepamba sherehe ya kulipa mahari anaweza kumwonyesha mteja wa harusi ya kanisani jinsi meza zilivyopangwa, lakini maneno yabadilike. Mavazi na desturi za jamii moja zisiuzwe kana kwamba ni za kila mtu.

Kalenda nayo ni ya kuzingatiwa. Makanisa mengi huepuka kufungisha ndoa wakati wa Kwaresima, na Waislamu wengi hawafanyi sherehe za harusi mwezi wa Ramadhani. Kwa upande mwingine, miezi ya likizo za shule kama vile Agosti na Desemba huwa na shughuli tele. Miezi mikavu ndiyo wakati wa kufungua ghala na kuandaa matangazo, kwa kuwa maharusi wa Agosti huanza kutafuta wahudumu mapema.

Wapo pia wasiopanga kwa muda mrefu. Wanaotaka kufunga ndoa ya kiserikali hutakiwa kutoa ilani ya siku 21 kwa msajili wa ndoa. Baadhi yao huandaa karamu ndogo muda mfupi baadaye, na picha za sherehe ya wageni 30 zitawavutia kuliko za ukumbi wa watu 500.

Sura ya mtu si bidhaa

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kutumia taarifa za mtu kwa manufaa ya kibiashara bila idhini yake ya wazi, na picha inayomtambulisha mtu ni mojawapo ya taarifa hizo. Kwa watoto, mzazi au mlezi ndiye anayetoa idhini.

Sheria hiyo ina meno. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi wachanga bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo, klabu moja ya Nairobi ilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuwa ameruhusu. Faini ya kiasi hicho inaweza kuizika biashara ndogo.

Hakimiliki pia ina utata wake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa huchukuliwa kuwa ni mali ya aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Hivyo basi, maharusi waliomlipa mpiga picha ndio wanaoweza kuwa na haki juu ya picha hizo. Mpiga picha anayetaka kuzitumia kujitangaza, au mpambaji anayeziomba kutoka kwake, anahitaji makubaliano ya maandishi.

Wakati mwafaka wa kuomba ruhusa ni siku ya kutia saini mkataba, wala si baada ya harusi. Kifungu kifupi chatosha: ni picha zipi zitakazotumika, zitatumika wapi, na iwapo nyuso zitaonekana. Mteja ana haki ya kukataa bila kuadhibiwa kwa bei, na hata akishakubali anaweza kuiondoa idhini yake baadaye.

Katika harusi za Waswahili wa Pwani, wanawake huwa na hafla zao ambako bibi harusi hujipamba na kuvua buibui kwa kuwa hakuna mwanamume. Picha ya hafla hiyo ikivuja, heshima ya familia nzima huguswa. Mpambaji mwenye busara huupiga picha ukumbi kabla ya wageni kuingia, naye mchoraji hina huonyesha mikono pekee, ikiwa mwenyewe ameridhia. Kazi itaonekana, na siri ya watu itabaki kuwa siri.

Bei ya mwaka gani?

Picha ya zamani haina hatia, lakini bei ya zamani huleta ugomvi. Kila mchanganuo wa gharama unaotumiwa upya uwe na mwezi na mwaka wake, au bei zifanyiwe hesabu upya kabla ya kutumwa. Kadhalika, kuchukua picha za kazi ya mwingine kutoka mtandaoni ni udanganyifu ambao hufichuka siku ya sherehe, wakati ambapo mteja hana tena nafasi ya kutafuta mwingine.

Hatimaye, kila anayepiga simu aulizwe alikoipata namba, na jibu liandikwe daftarini. Baada ya miezi michache, daftari hilo litaonyesha ni tangazo lipi lililoleta wateja na lipi lililoleta sifa tupu. Lile la kwanza ndilo la kugeuzwa tena.