Nia Kwanza, Dadu Mwisho

Ni jioni ya katikati ya wiki, katika ukumbi wa kanisa kwenye mji mdogo wa Uingereza. Meza ya futi 6 kwa 4 imegeuzwa uwanja wa vita: vilima vya povu gumu, vichaka vya sponji, magofu ya karatasi ngumu. Askari wasiozidi kimo cha kidole gumba, waliopakwa rangi kwa brashi nyembamba usiku baada ya usiku, wamepangwa kwa vikosi. Wachezaji wawili wameinama hadi mashavu yanakaribia kugusa meza, kila mmoja kafumba jicho moja. Kifaru kilichojibanza nyuma ya ukuta kinaonekana, au hakionekani? Kikionekana kitapigwa, na huenda vita vikaamuliwa hapo hapo.

Mpita njia atasema hawa ni watu wazima wanaogombea vinyago. Mimi naona jamii iliyolazimika kujitungia mila za kuhukumiana, kwa kuwa hakimu wake aliondoka zamani.

Mchezo huu wa vita ulikuwa na hakimu tangu utotoni. Mwaka 1824, luteni wa Prusia aitwaye Georg Heinrich von Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo wa vita wa kufundishia maofisa, akiendeleza kazi ya baba yake. Kila upande uliandika amri zake na kumkabidhi mwamuzi. Mwamuzi ndiye aliyesogeza vipande kwenye ramani na kuamua nani aone nini. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza kwamba mwamuzi mzoefu ayaweke kando majedwali na dadu, aamue kwa busara yake. Kwa mpango huo, wachezaji wawili hawakuwa na nafasi ya kuzozana wao kwa wao.

Kisha mchezo ukaingia majumbani. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha Little Wars, cha vita vya sakafuni vyenye askari wa madini ya risasi na vimizinga vya springi vinavyorusha vipande vya mti. Mwaka 1962 Donald Featherstone, mtaalamu wa tiba ya viungo wa Southampton, alichapisha War Games, na watu wengi wakavutwa na mchezo huu. Lakini jioni ni moja na wapenzi wa mchezo ni wachache. Nani atakubali kukaa pembeni aamue tu? Hivyo kwenye meza nyingi mwamuzi akatoweka. Baraza ya bao ina mashahidi tele, wazee wanaofuata kila kete kwa macho. Hapa mara nyingi wamebaki wawili tu, kila mmoja mlalamikaji, shahidi na hakimu wa kesi yake mwenyewe.

Waandishi wa kanuni walijaribu kuliziba pengo hilo kwa maandishi. Katika kitabu cha kanuni cha DBA cha mwaka 1990, mwandishi Phil Barker alibana sentensi zake hadi kila neno likabeba mzigo, na wasomaji wakabishana juu ya maana ya neno moja. Wengine walirefusha vitabu, na kila ukurasa ulioongezwa ukazaa swali jipya. Hata Games Workshop ya Nottingham, wachapishaji wa Warhammer, hutoa masahihisho na majibu ya maswali mwaka hadi mwaka. Kazi iliyobaki ikafanywa na desturi.

Desturi ya kwanza ni kutaja nia. Mchezaji hasogezi kikosi kimyakimya. Husema: "Nakileta hapa, nia yangu kisionekane na mzinga wako ule. Tumeelewana?" Mwenzake huinama, hutazama, hujibu: "Sawa, hakionekani." Basi hata mkono ukigusa sanamu ikasogea kidogo, lililokubaliwa ndilo linalosimama.

Ya pili ni kukubaliana kabla ya matokeo. Dadu ikiegemea kilima irushwe tena? Ikidondoka sakafuni ihesabiwe? Maswali hayo huulizwa kabla ya vita kuanza, maana dadu ikishaonyesha sita hakuna tena asiyeegemea upande.

Pamoja na hayo, ubishi huzuka. Hapo kitabu hufunguliwa na sentensi husomwa kwa sauti, yote, kisha mwenzako hupewa aisome kwa macho yake. Kisipomaliza neno, huitwa mtu wa meza jirani. Mwenye adabu humweleza hali bila kumwambia jeshi lipi ni la nani, ili jibu lisifuate urafiki. Naye akishindwa, dadu hurushwa: moja hadi tatu shauri lako, nne hadi sita langu. Mjadala huahirishwa hadi vita viishe.

Hiyo dadu ndiyo inayonigusa zaidi. Haitafuti haki, na mwenye haki anaweza kushindwa kwayo. Lakini wanaoikubali wamepima: wana saa tatu za jioni, na mbele yao ana kwa ana amesimama mtu waliyemngoja wiki nzima. Jeshi lililopakwa rangi kwa miezi sita, bila wa kupambana nalo, ni pambo la kabati.

Kwenye mashindano makubwa mwamuzi hurudi. Mchezaji huinua mkono, saa kama zile za sataranji husimamishwa, uamuzi hutolewa. Hata kosa la mwamuzi likija kugundulika baadaye, vita vilivyokwisha kwa kawaida havirudiwi. Kwenye klabu za wachezaji hakuna nguvu hiyo, na yupo mtu anayeitia jamii majaribuni. Wenyewe humwita wakili wa kanuni: anajua kila aya, lakini huikumbuka ile inayomfaa tu. Hatozwi faini wala hafukuzwi. Wiki ijayo kila mtu ameshaahidiana na mwingine, naye hukaa na sanduku lake halijafunguliwa. Ni adhabu nzito, na haitamkwi.

Yupo na wa upande wa pili, na huyo ndiye anayeishikilia mila hii isianguke. Ni yule anayeikumbuka kanuni inayomuumiza mwenyewe. "Umesahau," humwambia mpinzani, "kikosi chako hicho kina haki ya dadu moja zaidi." Mahali ambapo kila mtu ni hakimu wa kesi yake, sijaona msingi mwingine wa haki kuliko huo. Ukiwa umeshamsikia akisema dhidi ya faida yake, siku akisema kwa faida yake utamwamini.

Turudi kwenye kifaru. Mwenye kifaru ndiye anayeinuka kwanza, akinyoosha mgongo uliokakamaa. Amekiona alichoogopa kukiona: ncha ya mnara wa kifaru, upana wa punje ya mchele, imejitokeza juu ya tofali la mwisho. Mwenzake bado ameinama, hana hakika.

"Unakiona," anamwambia. "Piga." Kisha anaziokota dadu na kumkabidhi.