Damu Inapozungushwa: Kani Zinazotenda Kazi Ndani ya Sentrifuji

Mgonjwa anapotolewa damu ili apimwe figo, ini au madini ya mwili, mara nyingi damu hiyo haipimwi ikiwa nzima. Huwekwa kwanza katika sentrifuji, yaani mashine ya kuzungushia sampuli, ili chembe zitengane na majimaji. Kazi hiyo huchukua dakika chache na huonekana nyepesi. Hata hivyo, mashine isiyopangwa vizuri yaweza kumpa daktari jibu lisilo la kweli, na mgonjwa akapewa tiba isiyomfaa au akakosa ile anayoihitaji. Sababu yake inapatikana katika kani zinazotenda kazi juu ya kitu kinachozunguka.

Kani huelekea kitovuni

Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea mbele kwa mstari ulionyooka na kwa kasi ileile, isipokuwa kikilazimishwa na kani kubadilika. Kwa hiyo hakuna kitu kinachoweza kuzunguka bila kuvutwa au kusukumwa wakati wote kuelekea kitovu cha duara lake. Jiwe lililomo katika kombeo huvutwa na kamba. Kamba ikiachwa, jiwe huenda mbele kwa mstari ule liliokuwa likielekea wakati huo.

Abiria wa daladala inayokata kona kwa kasi huhisi kana kwamba anatupwa pembeni. Kwa hakika mwili wake ulikuwa ukiendelea mbele, na ubavu wa gari ndio unaomsukuma ageuke pamoja na gari. Kile kiitwacho kani ya kutoka kitovuni ni namna mwendo huo unavyoonekana kwa aliyemo ndani ya chombo kinachogeuka.

Ndani ya tyubu hali ni hiyohiyo. Mililita moja ya chembe nyekundu ina uzito wa takriban gramu 1.1, na ya plazma takriban gramu 1.03. Kwa kuwa chembe ni nzito zaidi, plazma inayozizunguka haiwezi kuzisukuma vya kutosha kuzibakiza katika duara lilelile. Chembe hizo husogea mbali na kitovu hadi zifike kwenye kitako cha tyubu, ambacho huzizuia na kuzisukuma zizunguke.

Idadi ya mizunguko haitoshi

Ukubwa wa kani hutegemea tungamo la kitu, nusukipenyo cha duara na mraba wa kasi ya mzunguko. Nusukipenyo kikiongezeka mara mbili, kani huongezeka mara mbili. Mizunguko kwa dakika ikiongezeka mara mbili, kani huongezeka mara nne. Ndiyo maana maagizo ya vipimo hutaja kani kwa kuilinganisha na uvutano wa dunia, kwa alama ya g.

Thamani hiyo hupatikana kwa kuzidisha 0.00001118 kwa nusukipenyo katika sentimita, kisha kwa mraba wa mizunguko kwa dakika. Nusukipenyo hupimwa kutoka katikati ya mhimili hadi kitako cha tyubu ikiwa katika mkao wa kuzunguka. Kwa mizunguko 3,000, mashine yenye nusukipenyo cha sentimita 10 hutoa takriban g 1,000, na yenye sentimita 15 hutoa takriban g 1,500. Anayehamia mashine nyingine akanakili idadi ya mizunguko pekee, huwa amebadilisha kipimo pasipo kujua.

Madhara yake ni dhahiri katika kupima kiwango cha chembe nyekundu kwa mirija myembamba ya kapilari. Kani ikipungua au muda ukikatishwa, chembe hazishindiliwi ipasavyo, safu yake hubaki ndefu, na jibu husomeka juu kuliko ukweli. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu aweza kuambiwa kwamba damu yake inatosha.

Potasiamu nayo huhitaji uangalifu. Chembe nyekundu zina potasiamu zaidi ya mara 20 ya iliyomo katika plazma. Tyubu yenye jeli iliyokwisha kuzungushwa isizungushwe tena, kwa kuwa majimaji yaliyokaa na chembe chini ya jeli hupanda juu, na potasiamu husomeka kubwa kuliko iliyomo mwilini.

Tyubu zilingane

Tyubu zinazokabiliana zinapaswa kuwa za aina moja na zenye uzito sawa. Katika g 1,000, tofauti ya gramu 1 huuvuta mhimili kama uzito wa kilo 1, na kwa mizunguko 3,000 mvuto huo huzunguka pande zote mara 50 kila sekunde. Mashine hutetemeka, mhimili huchakaa, na tyubu zaweza kuvunjika.

Tyubu ikivunjika, mashine izimwe na iachwe imefungwa kwa dakika 30 ili vitone vya damu vilivyomo hewani vitue, ndipo isafishwe kwa glavu imara. Kifuniko kisifunguliwe kabla mzunguko haujakoma, wala mkono usitumiwe kuusimamisha.

Kila maabara yafaa ibandike juu ya mashine nusukipenyo chake na mizunguko inayotoa g inayotakiwa kwa kila kipimo. Mgonjwa naye afahamu kwamba damu iliyowekwa katika tyubu ya kugandisha huachwa kwa takriban nusu saa kabla ya kuzungushwa, na kwamba kuombwa sampuli ya pili si dalili ya uzembe kila mara. Huenda mtaalamu ameona kuwa sampuli ya kwanza imeharibika, akakataa kutoa jibu asiloliamini.