Gobore la Marehemu Babu

Ukitaja bunduki mbele ya wazee wa Inyonga, nchi ya Wakonongo, watakayoikumbuka kwanza ni gobore. Mlina asali anayelala majuma kadhaa katika misitu ya miombo, penye simba na fisi, ana sababu ya kutaka silaha. Si haki kumwita jangili kabla hajakosa.

Lakini gobore lina ila moja, nayo huwaangukia waliobaki nyumbani. Hushindiliwa baruti na risasi mdomoni kwa mdeki, kisha huwekwa fataki. Likirudi kutoka porini bila kufyatuliwa huegemezwa ukutani, wala hakuna awezaye kujua kwa kulitazama kuwa limejaa. Mtoto huliona kama mpini wa jembe. Mwenye nalo ndiye mwenye wajibu wa kuliondoa shindilio na kulifungia mbali na baruti.

Tena kuna urithi. Sheria ya mwaka 2015 humpa leseni mtu, si ukoo. Babu akifariki, mjukuu aliyerithi shamba na mizinga hakurithi ruhusa ya gobore. Septemba na Oktoba 2022 Serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha kwa hiari. Hatudhani kuwa magobore yote yalitoka darini. Mjane asiyejua kama la marehemu limeshindiliwa asilisogeze wala asiguse fataki. Awatoe watoto nje, amwite mtendaji wa kijiji, polisi waje kulichukua.