Tableti ikikwama, orodha isipotee



Hapa Misisi, tableti yetu ya kuandikia familia zilizohama ilikwama baada ya kusasishwa: alama ya kampuni tu, basi. Kabla ya jioni watu walikwisha kusema majina yameuzwa.

Jueni kwamba fomu za KoboCollect ambazo hazijatumwa zinakaa ndani ya tableti yenyewe. Fundi akiifuta na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, itawaka, lakini majina yatakuwa yamekwenda. Msikubali haraka hiyo. Kwanza ichajiwe vizuri (betri ikiisha katikati ya kusasisha, ubovu huweza kuanzia hapo). Halafu bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi bila kuachia, kisha muiwashe tena. Yetu iliamka hapo. Ikikataa, mpelekeeni mtaalamu, na mumwambie mapema kuna orodha ndani.

Nanyi viongozi, waambieni watu siku ileile. Kilichotuokoa ni daftari: jina la mkuu wa familia, idadi ya watu, sahihi ya mwakilishi wa wahamiaji na ya mwenyeji. Tulilisoma kwa sauti mbele ya wote.