Goma: Kabla betri haijakufa, somo la mitambo ya upepo kwa wakaaji wa Majengo

Katika kartie ya Majengo, komini ya Karisimbi, kukatika kwa umeme si habari mpya. Lava ya Nyiragongo iliyoanza kutoka tarehe 22 Mei 2021 ilisimama Buhene, karibu na hapo, baada ya kuharibu nyaya za umeme. Januari 2025 mapigano yalikata tena laini zinazoleta umeme Goma. Ndiyo maana mwenye uwezo huweka paneli ya jua na betri. Lakini fundi aitwe lini?

Jibu linaweza kutoka Kenya. Karibu na ziwa Turkana kuna mitambo ya upepo 365, yenye megawati 310. Katika kazi hiyo kuna njia tatu za matengenezo. Ya kwanza ni kungoja mtambo uvunjike: inaonekana rahisi, lakini kreni na vipuri ni ghali, na mtambo uliosimama hauingizi kitu. Ya pili ni kufuata kalenda: kukaza bolti na kubadilisha mafuta kwa tarehe. Ya tatu ni kusikiliza mtambo wenyewe: kupima mtikisiko wake na mafuta ya giaboksi, ili ugonjwa ujulikane mapema. Kazi kubwa hupangwa wakati upepo ni mdogo.

Nyumbani ni vilevile. Kalenda: futa vumbi kwenye paneli asubuhi, kioo kikiwa baridi, hasa wakati wa kiangazi, ongeza maji safi ya betri zile zinazofunguliwa, kamwe si ya bomba. Kusikiliza: taa zikififia mapema kuliko kawaida, ita fundi siku hiyo. Angalia pia vyuma na viungo vya nyaya, kwani moshi wa volkano hufanya mvua kuwa na asidi inayokula chuma.

Tupige hesabu ya mfano. Betri ya dola 150 ikitunzwa idumu miaka 5, ni dola 30 kwa mwaka. Isipotunzwa ife baada ya miaka 2, ni dola 75. Ukimlipa fundi dola 5 kila miezi 3, jumla dola 20, bado unabakiza dola 25 kila mwaka.

Majirani watano wakimwita fundi siku moja, safari yake ni moja, na wanaweza kumwomba apunguze bei. Tarehe iandikwe ukutani, karibu na betri, pale kila mtu wa nyumba anaiona.