Saratani ya Ngozi Inavyothibitishwa Maabara

Kidonda kisichopona, uvimbe unaozidi kukua au baka jeusi linalobadilika huweza kuwa dalili ya saratani ya ngozi, lakini kwa kawaida macho peke yake hayatoshi kuthibitisha. Melanoma, aina ya saratani ya ngozi ambayo kwa watu weusi hujitokeza zaidi kwenye unyayo, huweza kudhaniwa ni alama ya mwiba. Uthibitisho hupatikana kwa kukata kinyama na kukipima kwa hadubini.

Daktari hupiga sindano ya ganzi, kisha hukata kwa kisu au kwa kifaa cha mviringo chenye makali, ambacho upana wake mara nyingi ni milimita 3 hadi 6. Kwenye kidonda, kinyama hukatwa ukingoni, kwa sababu katikati huweza kuwa na seli zilizokufa tu. Baka linaloshukiwa kuwa melanoma huondolewa lote inapowezekana, ili kina chake kipimwe sawasawa. Hofu ya kwamba kipimo hiki husambaza saratani ya ngozi haina msingi.

Kinyama hutumbukizwa papo hapo kwenye formalini ili kisiharibike. Maabara hukiondoa maji, hukigandisha katika nta na kukikata utando wa takriban maikroni 4. Utando huo hutiwa hematoksilini, inayovipa viini vya seli rangi ya buluu au zambarau, na eosini, inayozipa sehemu nyingine rangi ya waridi.

Hapo mtaalamu wa patholojia huangalia mpangilio wa seli. Katika saratani ya seli bapa, inayowashambulia sana watu wenye ualbino, seli huwa zimepenya chini ya tabaka la juu, mara nyingi zikizungushia keratini mfano wa lulu. Katika saratani ya Kaposi huonekana seli nyembamba ndefu na vijishipa vya damu; rangi maalumu huonyesha protini ya virusi vya HHV-8. Kina cha melanoma hupimwa kwa milimita, kwa njia aliyoieleza Alexander Breslow mwaka 1970: isiyozidi milimita 1 ina matumaini makubwa kuliko iliyozidi 4.

Ripoti hutaja aina ya saratani, kina chake na, ikiwa uvimbe umeondolewa wote, hali ya kingo. Saratani ikiwa imefika ukingoni, huenda mgonjwa akahitaji upasuaji mwingine. Ndiyo maana majibu lazima yafuatiliwe: kinyama ambacho majibu yake hayakusomwa hakijamsaidia mgonjwa.